Korongo Aliyekufa kwa Adabu

Thuc alikuwa na miaka arobaini na mmoja, paka mwenye jicho moja, na kazi ambayo hakuna mtu wa sokoni aliyeielewa. Akiulizwa, alisema yeye ni karani. Mara moja tu, akiwa bado kijana, alijaribu kumweleza muuza samaki ukweli, kwamba anatunza hifadhidata, yaani programu inayoshika kumbukumbu za ofisi nzima na kuzitoa zikiulizwa. Yule mama alimtazama kwa huruma, akamwongezea samaki mmoja wa bure.

Hifadhidata yenyewe iliitwa Hac, maana yake korongo. Ilizaliwa katika karakana yetu hapa mjini Hue, upande wa kusini wa mto, nyumba ya ghorofa mbili yenye watu sita na madhabahu tatu. Ya kwanza iko sakafuni karibu na mlango, ya mungu wa ardhi, ambaye kazi yake ni kuvuta wateja na ambaye kwa haki angekuwa ameshaachishwa kazi. Ya pili ni ya mababu wa bosi. Ya tatu ni ya mjomba Ban, aliyeiandika Hac kwa mikono yake, akamfundisha Thuc kila kitu alichokijua isipokuwa namna ya kupumzika, kisha akafa kwa ugonjwa wa mapafu miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia. Kwenye picha ya madhabahu ameshika sigara. Familia ilitafuta picha ambayo havuti, ikapata moja tu, na humo alikuwa na miaka minne.

Ofisi moja ya mkoa ilikuwa ikitumia Hac kwa kazi ya mifupa. Vita viliisha kabla wengi wetu hatujazaliwa, lakini huku wakulima wakichimba mashimo ya kupandia miti ya mpira bado hutoa meno na mifupa ya mapaja ya vijana. Ofisi huchukua kipande, hukipima vinasaba, halafu hupima mate ya wazee wanaotafuta watoto wao. Hac ndiyo inayokumbuka kipande gani kinalingana na mate ya nani.

Mwezi wa kumi mto ulipanda na kuingia ofisini. Umeme ukakatwa mji mzima kwa siku sita. Makarani waliibeba seva, mashine yenye Hac ndani, juu ya mlango waliong'oa, kama mgonjwa juu ya machela, wakaipandisha ghorofani. Haikulowa hata tone. Maji yalipotoka na umeme kurudi, wakaiwasha, na Hac ikakataa kuamka. Wakatuletea sisi ikiwa imevalishwa koti la mvua, na muhuri mwekundu wa ofisi bado uko kwenye mgongo wake. Sheria yao ilikuwa kwamba rekodi za mifupa hazitoki kwenye mashine yenye muhuri, hata kwa nakala. Ama tuiponye ilipo, ama tuirudishe maiti.

Programu yenye malezi ikishindwa, husema. Huandika kwenye faili la logi, ambalo sisi tunaliita daftari: nimeshindwa, kwa sababu hii na hii. Thuc aliiwasha Hac, ikaishi chini ya nusu sekunde, ikafa. Akafungua daftari. Halikuwa na herufi hata moja. Siku hiyo aliiwasha mara arobaini, na mara arobaini korongo alifumbua jicho, akavuta pumzi kama anayetaka kusema neno, akafa. Nje mvua ilikuwa na siku ya kumi na moja bila kupumzika, na mashine ilikuwa na feni iliyopanda kwa sauti ya mkwaruzo na kushuka polepole. Thuc aliijua sauti hiyo. Wiki ya mwisho hospitalini mjomba Ban alikuwa akipumua hivyo hivyo. Siku ya mwisho alimshika Thuc mkono, midomo ikacheza, mpira uliokuwa kooni ukameza maneno yote. Alichotaka kusema hakikujulikana.

Thuc hakumwambia mtu jambo hilo. Lakini tangu siku ile ya kwanza alizima feni ya ukutani, afadhali asikie moja tu.

Siku ya pili akaja Bibi Dieu. Alikuwa na miaka themanini na sita, mdogo kama kifurushi, na koti la mvua la plastiki lililokuwa na maji mengi kuliko mtaa. Ofisi ya mifupa ilikuwa imemwambia kwamba jibu lake lilitoka wiki moja kabla ya mafuriko, likaingia kwenye mashine, na barua haikuwahi kuchapwa.

"Nani anaitunza hii mashine?" aliuliza.

Bosi wetu, kaka Phiet, ambaye hupenda kusimama mbele mambo yakiwa mazuri, alimnyooshea Thuc kidole.

"Wewe binti ndiye mwenye jibu la mwanangu?"

"Mimi ninayo mashine yenye jibu, bibi. Mashine inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Haisemi."

"Khiem wangu naye alikuwa hivyo. Homa ikimshika ananyamaza, mpaka umguse."

Akavuta kigoda cha plastiki, akakaa, akaweka kibeseni cha chakula miguuni.

"Bibi, shughuli hii inaweza kuchukua siku nyingi," alisema Phiet.

"Aliondoka mwaka sabini na mbili akiwa na miaka kumi na saba, mwanangu. Una kitu kirefu zaidi ya hapo?"

Phiet akaenda kuangalia chai.

"Daktari anasema moyo wangu umechoka," bibi alimwambia Thuc, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya paa lake. "Mimi sitaki dawa. Nataka kujua mwanangu yuko wapi. Nikifa nitaanza kumtafuta, na kwa miguu hii sitaki kuanzia upande usio wake."

Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi. Thuc alikuwa akifanya kazi huku mtu amekaa nyuma yake, kimya, akimenya karanga, na kila mara Hac ilipokufa bibi alisema taratibu, "Tena."

Siku ya tatu watu wa karakana walianza kunong'ona. Sehemu ya kuamka ya Hac, zile hatua za mwanzo kabisa, kwa imani yetu ilikuwa kazi ya mjomba Ban peke yake. Sasa inakufa hapo hapo, bila neno. Phiet alinunua pakiti ya sigara alizokuwa akivuta marehemu, akawasha moja, akaisimamisha kwenye chungu cha ubani. Iliungua mpaka mwisho na majivu yake hayakuanguka. Yakabaki yamesimama, yamejikunja kidogo, kama kidole kinachoita.

"Unaona?" alisema Phiet.

"Naona sigara imeisha, kaka."

"Mwombe ruhusa, Thuc. Wewe ndiye mwanafunzi wake. Labda hataki tuguse."

"Akiwa hai alininyima likizo miaka mitano. Leo ndiyo atanipa ruhusa?"

Sote tulicheka, isipokuwa bibi, aliyemgeukia Ban pichani, akamwangalia kama mtu anayemtathmini mkwe. "Huyu ni msumbufu," alisema. "Lakini si mchoyo."

Inabidi niseme kitu kuhusu malezi ya Thuc, kwa sababu ndiko tatizo lilikotokea. Mama yake alikuwa akiuza wali wa kome wa mtoni, pale karibu na ngome, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Katika biashara ile mteja wa kwanza ndiye siku yenyewe. Akija mcheshi, akala na kusifu, sufuria litakwisha kabla ya saa tatu. Akija mwenye nuksi, akauliza, akakunja uso na kuondoka, mama alikuwa akichoma kipande cha gazeti na kukipunga juu ya vyungu kufukuza mkosi. Nyumbani kwao neno la kwanza la asubuhi halikuwa kamwe habari mbaya. Nyanya yake Thuc alikufa usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Tet. Mama alipika, akawapa watoto nguo mpya, akawatakia heri, ndipo jioni akawaambia kuna maiti chumba cha nyuma. Hue nzima ndivyo ilivyo. Tuna adabu mpaka inatisha.

Siku ya nne asubuhi Thuc aliamua kufungua maiti. Programu ikifa, mfumo unaweza kuhifadhi picha ya yote yaliyokuwa kichwani mwake dakika ile, na sisi picha hiyo tunaiita hivyo, maiti. Si kazi ya kupendeza. Ni kurasa elfu za namba na takataka za herufi, nawe unapita humo ukitafuta alichokuwa akiwaza marehemu. Alipita kwa saa mbili. Halafu, katikati ya takataka, akakuta sentensi nzima, safi, yenye nukta mwishoni.

*Naomba radhi kwa kuwasumbua. Faili hili limeandikwa siku ambayo bado haijafika.*

Alisukuma kiti nyuma kikagonga kigoda cha bibi. Naomba radhi kwa kuwasumbua: hivyo ndivyo mjomba Ban alivyoanza kila kitu, hata akija kukutukana.

"Kuna nini?" aliuliza bibi.

"Kuna mtu alitaka kusema neno."

"Basi msikilize. Kiti kina kosa gani?"

Thuc alirudi mezani, mkabala na mimi. Aliipitisha Hac mstari kwa mstari, akiisimamisha kila hatua, mpaka alipofika kwenye sehemu inayoandika daftari. Hapo juu mjomba Ban alikuwa ameacha maelezo yake, ya Tet ya mwaka wa Nyani, miaka kumi na tisa nyuma: neno la kwanza liwe jema, ubaya usubiri zamu yake.

Mzee aliigeuza adabu ya sokoni kuwa amri ya mashine. Hac ikiamka, neno la kwanza daftarini liwe salamu ya kuitakia nyumba amani na neema. Kosa lolote likitokea kabla ya salamu, lishikwe pembeni, salamu iitwe kwanza, isomwe, ndipo kosa lifuate nyuma likiwa limeinamisha kichwa. Wateja waliipenda sana. Kwa miaka kumi na tisa hakuna kosa lililoitangulia salamu. Safari hii kosa lilitokea mapema mno, kabla hata faili la salamu halijafunguliwa. Daftari likaita salamu, likaenda mahali ilipotakiwa kuwa, likakuta patupu, na programu ikikanyaga patupu hufa papo hapo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Korongo alikufa akitafuta namna ya adabu ya kuutaja.

Na ugonjwa? Thuc aliiuliza mashine tarehe. Ikajibu, bila haya, kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka 1970.

Ndani ya seva kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, kazi yake kuikumbusha saa umeme ukikatika. Ilikuwa imekufa katika zile siku sita za giza, na mashine za aina hii zikisahau leo ni lini hurudi kwenye siku hiyo. Kwa hiyo kila rekodi ya mifupa ilionekana imetoka miaka ambayo haijazaliwa, na Hac ilikuwa na amri ya kutofungua faili la namna hiyo. Thuc alitafuta nani aliileta amri hiyo mbele kabisa, kabla ya salamu. Historia ya msimbo, orodha ya nani alibadili nini, haifichi mtu. Jina lilikuwa lake. Mwaka uliopita, mwezi wa tano, na maelezo yake mwenyewe pembeni: nimesogeza mbele kwa usalama zaidi.

Siku nne alikuwa amemshuku marehemu.

"Bibi," alisema bila kugeuka, "mashine ilidhani ni mwaka sabini."

Sauti ya karanga ilikoma. "Sabini mwezi gani?"

"Wa kwanza. Tarehe mosi."

"Khiem alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa amevunja baiskeli ya baba yake, hataki kurudi nyumbani." Bibi aliinuka, akaiwekea seva kiganja juu, pale inapotoa joto. "Basi ilikuwa na haki ya kukataa. Mwaka huo mlikuwa mnaiuliza mifupa ya nani? Mtoto yuko hai."

Mtu mmoja kule nyuma alifungua mlango kidogo, akaufunga tena.

Phiet ndiye aliyeturudisha duniani. "Rekebisha saa, iamke, tuirudishe. Tumemaliza."

"Kwanza narekebisha mdomo," alisema Thuc.

"Mdomo una nini? Saa ikiwa sawa, salamu inakuja, kila mtu anafurahi."

"Na betri ya mteja mwingine ikifa?"

"Thuc, mdogo wangu. Kila mwaka mpya wakuu wa ofisi zile wanafungua daftari waone salamu. Wanapiga nayo picha. Sasa siku moja wafungue wakute neno la kwanza ni kosa?"

"Sasa hivi wanafungua hawakuti neno lolote, kaka."

Phiet aliitazama madhabahu, akashusha sauti. "Mzee atakasirika."

"Anikasirikie. Nimemwona mtu akifa huku anataka kusema. Sitaiandika mashine ifanye vile."

Phiet akampisha, maana na yeye alikuwepo hospitalini.

Ilikuwa mistari minne. Kama salamu haijafika, usimwite asiyekuwepo; andika ubaya hapo hapo, kama ulivyo. Thuc hakuigusa saa kwanza. Aliiacha mashine katika mwaka wake wa sabini, akaiwasha. Feni ikapanda kwa mkwaruzo. Halafu, kwenye daftari lililokuwa jeupe siku nne, mstari ukajiandika wenyewe: naomba radhi kwa kuwasumbua, na yote yaliyofuata. Hac ikajifunga taratibu, kwa hiari yake, na feni ikashuka. Thuc alikaa akiusoma mstari ule mmoja kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kusomwa. Kisha akanituma kwa fundi saa wa karibu na daraja, nikaleta betri, na mchana ule ule Hac iliamka katika mwaka 2023, ikaitakia nyumba amani na neema kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baada ya siku mbili Bibi Dieu alirudi na bahasha.

"Nisomee wewe," alimwambia Thuc. "Wale wa ofisini wanasoma kama wanataja namba za foleni."

Barua ilianza kwa mistari ya heshima, na Thuc aliisoma yote, polepole, hata cheo cha mtia sahihi. Alipofika panapohusika akasimama.

"Endelea," alisema bibi. "Sikuja kusikiliza vyeo."

Akasoma. Mwaka 2008, kabla ofisi haijaanza kupima, mabaki ya askari mmoja yalifukuliwa msituni. Familia moja ya Thai Binh, mbali huko kaskazini, ililetwa pale na mpiga ramli aliyewahakikishia kwamba ni mtoto wao. Wakakabidhiwa, wakamzika kwao kwa jina la mtoto wao. Jino moja lilibaki kwenye bahasha ya ofisi. Jino hilo ni la Khiem.

Mvua ilikuwa imepungua kiasi kwamba uliweza kusikia mfereji.

"Wanamtunza?" aliuliza bibi.

"Barua inasema kaburi lina jina na picha. Picha ya mwenzake."

"Miaka kumi na mitano wanamwekea chakula."

"Ndiyo, bibi."

"Basi anakula vizuri. Thai Binh wana mchele mzuri."

Phiet alikohoa. "Bibi, unaweza kuandika kudai arudishwe. Sheria inaruhusu."

"Nimng'oe tena? Ameshahamishwa vya kutosha." Aliikunja barua mara nne. "Nimejua pa kuanzia. Nitapanda basi la kaskazini." Alisema hivyo na tukaelewa kwamba haongelei basi. Kisha akabaki amekaa, kidole kimoja kinasugua ukingo wa karatasi, na uso wake ukabadilika.

"Mimi sijui siku aliyokufa," alisema. "Kwa hiyo humwandalia siku aliyoondoka. Naweka bakuli mezani, nawasha ubani, nafungua mlango wa mbele, nakaa jikoni. Na kila mwaka mlango ule husogea. Nyie chekeni tu. Husogea, na kiti huvutwa kidogo. Mwaka jana pia."

Aliitazama tena ile barua.

"Kama tangu 2008 Khiem amekuwa akila Thai Binh," alisema, "anayekuja kwangu ni nani?"

Thuc aliichukua barua, akaikunjua, akatafuta mstari wa chini kabisa. "Mtoto wao, bibi. Yule wa kweli. Bado hajapatikana."

Bibi Dieu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekumbuka mambo mengi madogo kwa pamoja.

"Hakukuta taa kwao," alisema. "Kitanda kimelaliwa na mwingine. Akaona moto kwangu." Halafu akashika mdomo. "Nami nampikia kama ninavyompikia Khiem. Supu ya nyama, pilipili ya Hue kijiko kizima. Watu wa kaskazini hawaiwezi pilipili. Mtoto wa watu, miaka kumi na mitano analia machozi mezani kwangu, na mimi jikoni nadhani ni mvua."

Akanyoosha mkono. "Namba ya hiyo familia ipo?"

Ilikuwepo. Thuc alipiga, simu ikaita mpaka tukadhani haitapokelewa, kisha sauti ya mwanamke mzee, ya kaskazini, kavu, ikaitikia. Thuc alikuwa bado anatafuta maneno. Bibi akaichukua simu mkononi mwake.

"Dada," alisema, "mwanao alikuwa anakula pilipili?"